Muulize Mkufunzi: Neno la silabi tisa na barabara mbili

Barua tatu za mwezi huu zimeangukia mahali pamoja bila waandishi wake kujuana: maneno marefu ya Kiingereza cha kitaalamu, yanakatwaje na yanatamkwaje. Nimefundisha uuguzi Tanga kwa miaka 26, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza hapohapo, mbele ya ubao, nikikata maneno kwa chaki. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenyewe ana haraka na hofu. Mbili zilizobaki nitakwenda nazo upesi zaidi.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mkufunzi. Mimi ni mwanafunzi wa utabibu, mwaka wa pili. Wiki mbili zijazo nitasimama mbele ya darasa na madaktari watatu kueleza habari za mgonjwa niliyemfuatilia wodini, mtoto wa miaka sita aliyetokwa na usaha sikioni kwa miezi minne. Mstari wa kwanza tu wa maelezo yangu una neno "otorhinolaryngology", kwa kuwa ndilo jina la idara iliyompokea. Nikilisoma chumbani peke yangu linatoka. Nikilisoma mbele ya mtu ulimi unagoma. Nimefungua kamusi ya Kiingereza nikakuta limekatwa kwa nukta, nikahesabu vipande vinane, lakini mwalimu wetu anasema lina silabi tisa. Tena kamusi hiyohiyo inaandika "lar-yn-gol-o-gy" mahali pamoja, na "la-ryn-go-scope" mahali pengine. Nani amekosea? Na mkazo niuweke wapi?
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyekosea. Mwalimu wako yuko sawa, kamusi iko sawa, na vipande vyako vinane umevihesabu vizuri. Yote nitakueleza, lakini acha nianze na mkazo, maana hapo ndipo neno hili linapomwangusha msemaji wa Kiswahili. Urefu wake si tatizo kabisa.

Urefu sisi tumeuzoea. Sema "tutakapowasiliana". Sasa lihesabu: tu-ta-ka-po-wa-si-li-a-na. Silabi tisa, na mtoto wa darasa la pili analisema huku anatafuna muhogo. "Otorhinolaryngology" nalo lina tisa: o-to-rhi-no-lar-yn-gol-o-gy. Kwa hiyo pumzi unayo, ulimi unao. Kinachokosekana ni kujua mguu uukanyage wapi kwa nguvu.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Nilikuwa mwaka wa pili kama wewe, wodi ya watoto, asubuhi ya raundi. Daktari bingwa aliyekuja kututembelea alitaka kujua mtoto wa kitanda cha dirishani anapelekwa wapi, nami nikasoma karatasi ya rufaa kwa sauti: o-to-ri-no-la-ri-ngo-LO-ji. Sikuacha herufi hata moja. Hakuelewa. Akauliza tena, nikarudia vilevile, sauti nikaipandisha. Mara ya tatu alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, akatamka neno ambalo kwangu lilikuwa neno jingine kabisa, akahamia kitanda kinachofuata. Uso uliniwaka mpaka mchana.

Jioni sista wa wodi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliniita kwenye chumba cha kusafishia vifaa. Mkononi alikuwa na kile chombo cha chuma chenye umbo la figo, kimetoka kuchemshwa, bado kinafuka. Akakipindua juu ya taulo, akachukua mkasi akaushika upande wa makali, na kwa matundu ya vidole akaanza kugonga: ko-ko, ko-ko, ko-ko, KO-ko-ko. Akanyamaza. Akagonga tena. "Usiseme neno," akaniambia, "gonga kwanza." Nikagonga. Nilikosea mara ya kwanza na ya pili, nikaongeza pigo moja mwishoni. Akanirudisha mwanzo bila kukasirika. Nilipoishika ile ngoma akasema, sasa lipandishe neno juu yake. O-to, rai-no, la-ri, NGO-lo-ji. Mbili, mbili, mbili, tatu. Likatoka lenyewe, kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akakuta kila daraja lipo.

Mpaka leo nikiliandika mkono unataka kugonga meza. Nawe fanya hivyohivyo kabla ya kufungua mdomo. Mapigo ya kwanza, ya tatu na ya tano yana uzito kidogo. La saba ndilo zito. Mawili ya mwisho ni mepesi, yanadondoka tu.

Sasa kwa nini la saba? Kwa sababu ya mkia wa neno. Katika Kiswahili mkazo tumepewa bure, unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, hospiTAli, bioloJIa. Hatuufikirii. Tukikutana na neno la Kiingereza linaloishia kwa "-logy" tunaubeba mkazo wetu na kuutua palepale: bio-LO-ji. Kumbe Kiingereza, kwa mkia huo, kinautua silabi moja nyuma zaidi, ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy, ge-OL-o-gy, oph-thal-MOL-o-gy. Aliyezoea kusikia hivyo anausubiri mkazo kama abiria anavyosubiri basi kituoni. Ukiutua kituo kingine, neno zima linampita.

Usiambiwe kwamba mkazo wa namna hiyo ni wa kigeni na Mswahili hauwezi. Tunao. Tuna barabara mbili. Ya kwanza ni ile yenye lami, inapita magari: baraBAra. Ya pili ni ile ya mtu anayekubali jambo kwa moyo wote: "Baraabara! Umesema kweli!" Hii ya pili tunaitamka baRAbara, mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Sema baRAbara mara tatu, halafu bila kusita sema biOlogy. Wimbo ni uleule, silabi nne kwa silabi nne. Wanafunzi wangu niliwaambia hivi: neno likiishia "-logy", lipitishe kwenye barabara ya "sawasawa", usilipitishe kwenye ya magari. Ulimi ulishaijua njia hiyo tangu utotoni. Haukujua tu kwamba inafika hospitalini.

Barabara hiyohiyo inapitiwa na mikia mingine utakayokutana nayo kila siku wodini. "-graphy": ra-di-OG-ra-phy. "-scopy": en-DOS-co-py. "-tomy", mkia wa kukata: ton-sil-LEC-to-my, kukata tonsili. "-meter" katika kile kipimajoto ulichoshika jana: ther-MOM-e-ter. Na "-aemia", ya damu: a-NAE-mi-a, ambayo kwa herufi zetu ni a-NI-mi-a.

Lakini kuna mikia inayotaka barabara ya magari, yaani mkazo wetu wa kila siku, na hapa Mswahili hahitaji kufundishwa na mtu. "-itis", mkia wa uvimbe unaowaka: o-TI-tis ya sikio, rhi-NI-tis ya pua. Hiyo "ti" na hiyo "ni" zinasomwa "tai" na "nai", ila mkazo uko palepale tulipouzoea. "-osis": tu-ber-cu-LO-sis. "-oma": car-ci-NO-ma. "-ic": di-a-BET-ic. Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wapya wasome maneno haya matano bila kuwaeleza chochote, na karibu wote wanapatia. Nilipenda sana kuwaona nyuso zao nilipowaambia kwamba wamepatia kwa sababu ni Waswahili.

Kwa hiyo ukikuta neno refu, usianze kulisoma kutoka kichwani kama mtu anayepanda mlima asiojua kilele kiko wapi. Tazama mkia kwanza. Kisha lijenge kwa kurudi nyuma. Sema "ji". Sema "lo-ji". Sema "NGO-lo-ji", na hapo simama, lirudie mpaka mkazo ukae. Halafu "la-ri-NGO-lo-ji". Halafu "rai-no-la-ri-NGO-lo-ji". Mwisho kabisa weka "o-to" mbele. Faida yake ni kwamba kila ukiongeza kipande unaelekea mahali ambapo umeshapazoea, na ukichoka njiani mwisho wa neno bado uko salama. Anayeanza mbele huwa hodari kwenye "o-to-rai-no" halafu anakwama kwenye "laryngo", mbele ya watu, bila pa kurudi.

Kwenye "laryngo" kuna kitu kingine cha kutazama kwa karibu, nacho ni herufi g. Neno hili lina g mbili na hazisomwi sawa. Ya kwanza iko mbele ya o, kwa hiyo ni ngumu, na ikiungana na n iliyoitangulia inakuwa ng ya "ngoma". Si ya "ng'ombe". Ya "ngoma", ambamo g yenyewe inasikika. Ya pili iko mbele ya y, kwa hiyo inalainika inakuwa j. Kanuni ni kwamba katika maneno haya ya asili ya Kigiriki na Kilatini, g ikifuatwa na a, o au u ni ngumu, ikifuatwa na e, i au y mara nyingi ni j. Ndiyo maana "laryngitis", uvimbe wa kisanduku cha sauti, si "la-ri-ngai-tis" bali ni la-ri-NJAI-tis, nj ya "njaa". Kiingereza kinaandika ng palepale na kumwachia msomaji ajue mwenyewe. Sisi tungeandika ng na nj, na mtoto asingepotea. Shika ngoma na njaa, basi.

Herufi c nayo inafuata mkondo huohuo: mbele ya e, i na y ni s, kwingineko ni k. Chukua "cholecystectomy", kutoa kifuko cha nyongo. "Ch" yake ya mwanzo ni k kwa sababu ya Kigiriki, c iliyo mbele ya y ni s, na c iliyo mbele ya t ni k: ko-le-sis-TEK-to-mi. Mkia ni "-tomy", kwa hiyo barabara ya sawasawa.

Sasa kamusi yako. Nukta zile za katikati hazikuwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutamka. Zimewekwa kwa ajili ya mchapaji na mwandishi, kuwaonyesha neno linaweza kukatwa wapi likifika mwisho wa mstari. Na hakuna mchapaji mwenye akili anayeacha herufi moja peke yake mwisho wa mstari, "o-", halafu aendelee chini. Kwa hiyo kamusi nyingine haziweki nukta baada ya herufi moja ya mwanzo: zinaandika "oto" kama kipande kimoja, ingawa mdomoni ni silabi mbili. Ndipo vipande vikawa vinane na silabi zikabaki tisa. Ukitaka silabi, tazama matamshi yaliyoandikwa baada ya neno, au weka mgongo wa kiganja chini ya kidevu useme polepole, uhesabu kidevu kimeshuka mara ngapi.

Na "lar-yn" kwa "la-ryn"? Hili swali lako lilinifurahisha, maana wengi hupita bila kuliona. Mzizi ni mmoja lakini mkazo umehama, na ulipohama umeburuta r pamoja nao. Katika "laryngology" silabi ya kwanza ya "laryngo" ina mkazo mdogo, irabu yake ni fupi, na Kiingereza kina tabia ya kuifunga kwa konsonanti irabu fupi yenye mkazo: lar-. Katika "laryngoscope", kile chombo cha kutazamia kooni, mkazo umeruka kwenda silabi ya pili: la-RYN-go-scope, kwa herufi zetu la-RI-ngo-skop. Silabi ya kwanza imebaki dhaifu, haina haja ya kushika kitu, kwa hiyo r imehamia kwenye silabi yenye nguvu. Kiswahili hakina habari hizo. Silabi zetu nyingi ni wazi, zinaishia kwa irabu, na mkazo ukihama konsonanti hazitikisiki: SOma, soMEni, someSHAna, s ni ya "so" na m ni ya irabu inayoifuata daima. Mzoefu wa silabi za namna hiyo lazima ashangae akiona r inatembea.

Jambo la mwisho kuhusu matamshi, na hili ni maoni yangu. Utawasikia wengine wakizimeza irabu zisizo na mkazo, "lo" ya mwisho wakaifanya kitu kati ya "la" na pumzi tu. Ndivyo Kiingereza cha wenyewe kilivyo. Sikuwahi kuwadai wanafunzi wangu wafanye hivyo na sikudai wewe. Irabu zetu zinasikika wazi, na katika chumba chenye feni inayopiga kelele uwazi huo ni msaada mkubwa. Mkazo ukiwa mahali pake, irabu kamili hazimpotezi mtu. Mkazo ukipotea, hata ungemeza irabu kama mtu wa London, yule daktari atakuuliza mara tatu.

Maana yake nayo ujue, usije ukabeba kasha bila kujua limejaa nini. "Oto" ni sikio kwa Kigiriki, "rhino" ni pua, "laryngo" ni kisanduku cha sauti kilicho kwenye kikoromeo, na "logy" ni elimu. Hiyo "rhino" umeshaisikia kwa watalii: kifaru kwa Kiingereza ni "rhinoceros", mnyama mwenye pembe puani. Na mama wa yule mtoto wa miaka sita, mwanangu, usimtamkie neno hili hata baada ya kulishinda. Mwambie mtoto amepelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwonyeshe mlango.

BARUA YA PILI

Salaam aleikum Bi Mkufunzi. Mimi napanga kurasa za jarida la afya. Safu zetu ni nyembamba na maneno ya kitaalamu ni marefu. Neno likifika mwisho wa mstari programu inalikata inakotaka yenyewe. Juzi ilikata "nyumba" ikawa "nyum-" juu na "ba" chini, mhariri akaja juu. Kuna kanuni moja ya kukata maneno, ya Kiingereza na ya Kiswahili?
Mpanga kurasa, Mombasa

Wa aleikum salaam, kaka. Kanuni moja hakuna, na hata Kiingereza chenyewe kina mbili. Waingereza kwa desturi walipenda kukata kwa asili ya neno, mzizi ubaki mzizi. Wamarekani wanakata kwa sauti. Mfano unaotolewa siku zote ni "knowledge": Mwingereza "know-ledge", Mmarekani "knowl-edge". Njia hiyo ya Marekani ilipata nguvu kwa mwalimu wa shule Noah Webster, ambaye mwaka 1783 alitoa kitabu cha kufundishia tahajia. Vitabu vya Waingereza vilivyotumika mpaka wakati huo viliwafundisha watoto "clu-ster" na "ha-bit". Yeye akasema mdomo hausemi hivyo, akaandika "clus-ter" na "hab-it".

Miaka 200 kamili baadaye, mwaka 1983, Frank Liang aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu namna ya kompyuta kukata maneno, kwa ajili ya TeX, programu ya kupanga kurasa ya profesa wake Donald Knuth. Mbinu yake haielewi neno. Inatazama vikundi vya herufi na kujua herufi gani zikikaribiana panakatika na zipi hapakatiki. Programu nyingi zimeufuata mkondo huo, na ndiyo sababu ya "nyum-ba" yako: vikundi vya herufi za Kiingereza vimetumiwa kwa Kiswahili. Nenda kwenye mipangilio ya aya, tazama lugha iliyochaguliwa. Kama Kiswahili kimo, kichague. Kama hakimo, zima ukataji kabisa kwa matini ya Kiswahili, kisha pale panapobana weka kwa mkono kile kistari kinachojificha neno likiwa katikati ya mstari.

Kiswahili chenyewe ni rahisi kukikata: kata baada ya irabu. Ile mb ya "nyumba" ni sauti moja inayosubiri irabu yake, kwa hiyo nyu-mba. Vivyo hivyo ku-ngo-ja, ma-nja-no, ka-nda-mi-za. Usizitenganishe ny, sh, ch, th, dh, gh. Ng' usiiguse kabisa. Maneno kama "labda" na "maktaba", yaliyotoka Kiarabuni na silabi funge zake, yakate lab-da, mak-ta-ba. Na ile m ya "mtoto" ni silabi kamili mdomoni, lakini usiiache peke yake mwisho wa mstari, inaonekana kama kosa la chapa.

Kwa maneno ya hospitali nakushauri ukate kwenye kiungo cha mizizi ambapo Mwingereza na Mmarekani wanakubaliana. Neno la mwanafunzi wetu hapo juu likate baada ya "rhino". Hakuna mhariri wa upande wowote atakayekulaumu, na msomaji anapata pua mstari wa juu na koo mstari wa chini.

BARUA YA TATU

Habari za kazi dada Mkufunzi. Mwanangu wa kidato cha pili amerudi likizo na neno la herufi 45, anatutambia nalo nyumba nzima: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Je, ni ugonjwa wa kweli? Linatamkwaje? Na hiyo p ya mbele mbona hasemi? Sisi hapa tunajua nimonia.
Mama, Bukoba

Salama dada, pole na kelele. Neno lilitungwa makusudi liwe refu. Mtungaji ni Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenzi wa mafumbo ya maneno nchini Marekani, mwaka 1935, na baadaye likaingia kwenye kamusi. Lakini ugonjwa linaoutaja upo, tena mbaya: mapafu kuharibiwa na vumbi laini la silika. Madaktari wanauita silikosisi, na unawapata watu wanaochoronga na kuponda mawe bila kinga. Kama kuna ndugu yenu machimboni, hilo ndilo la kumweleza huyo kijana.

Kutamka si kazi. Mkia ni "-osis", barabara ya magari, mkazo wetu wa kila siku. Silabi ni 19: nyu-mo-no-al-tra-mai-kro-sko-pik-si-li-ko-vol-kei-no-ko-ni-O-sis. Alijenge kutoka mwisho, kama nilivyomweleza mwanafunzi wa Dodoma.

Ile p ni ya Wagiriki, ambao waliitamka kweli. Wafaransa nao wanaitamka mpaka leo, kwa hiyo ndugu zetu wa Lubumbashi waliosoma Kifaransa wataisema bila shida. Kiingereza hakipendi silabi ianze na pn, ps au pt, basi kinaiandika p na kuinyamazisha. Nimonia yetu ilikuja kupitia masikio ya watu, si kupitia maandishi, ndiyo maana haikuja na p. Kile kinyama kinachoota jichoni kuelekea mboni, "pterygium", nacho kinasomwa te-RI-ji-am.

Hiyo "pter" ni bawa, na hapa mwanao ataona jambo zuri. Bawa hilohilo limo ndani ya "helikopta". Neno lilitungwa Ufaransa mwaka 1861 na Gustave Ponton d'Amécourt kwa mizizi miwili, "helico", kinachozunguka kama uzi wa skrubu, na "pter", bawa. Mdomo haukujali mizizi, ukakata unapopenda: he-li-kop-ta. P ikajitenga na bawa lake ikajishikiza kwenye "ko" ya nyuma, ikapata irabu ya kuiegemea, ikasikika. Mwambie aseme "pterygium" halafu "helikopta", mkono ukiwa mbele ya midomo. Kwenye la pili ataihisi midomo inafumba.